Kiumbe Mmoja, Waigizaji Sita: Nani ni Nani katika Episodi ya Kwanza ya Star Trek

Katika kibanda cha kinyozi ninayemwendea pale Kondele, Kisumu, kuna televisheni ndogo iliyofungwa ukutani juu ya kioo, na kwa kawaida huonyesha mpira au filamu zilizowekewa sauti ya msimulizi wa mtaani. Mara ya mwisho nilipokwenda nilikuta kitu tofauti. Kinyozi alikuwa amejaziwa kwenye flashi mfululizo wa zamani wa Marekani uitwao Star Trek, na wateja wanne waliokuwa wakingoja zamu walikuwa wamenyamaza kabisa, kwa sababu mwanamume mmoja kwenye skrini alikuwa amesimama katika ujia wa chombo cha anga akimsemesha mwanadada kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili kilichopondekapondeka, lakini Kiswahili hata hivyo.

Ubishi uliofuata ndio ulionipa makala haya. Mwendeshaji boda, kofia yake ikiwa mapajani, alisema dada yule ni Mkenya, ndiyo maana anaitwa Uhura na ndiyo maana anaelewa anachoambiwa. Mzee aliyekaa karibu na mlango akasema mwanamume yule bila shaka ni mumewe. Kinyozi, ambaye alikuwa ameitazama episodi hiyo tangu mwanzo, akazima mashine na kututangazia kwamba mwanamume yule ndiye yule mama mwenye mvi aliyeonekana mapema. Kicheko kilitoka mpaka barabarani. "Bosi, mama wa watu atageukaje kijana wa kiume?" aliuliza mwenye boda, na swali likabaki pale, maana kinyozi alijua jibu lakini hakujua namna ya kulieleza.

Kinyozi alikuwa amesema kweli. Ili tuone jinsi mama mwenye mvi anavyoweza kuwa kijana wa kiume bila mtazamaji kudanganywa, hatuna budi kuanza na maneno mawili ambayo hutumiwa kama pacha, nayo si pacha. Mhusika ni mtu wa ndani ya hadithi. Hana kitambulisho, hapokei mshahara, na hadithi ikiisha naye anakwisha. Mwigizaji ni mtu halisi aliyeajiriwa kumvaa mhusika huyo kwa saa kadhaa mbele ya kamera, kisha jioni huvua nguo zile na kurudi kwake. Aliyewahi kushiriki mchezo wa kuigiza shuleni anaijua tofauti hii hata kama hakuwahi kuitamka: katika shule yetu ya msingi, mvulana mmoja aliigiza chifu katika onyesho la kwanza na askari katika onyesho la tatu, na kilichomtenganisha chifu na askari ni kofia. Wahusika wawili, mwigizaji mmoja. Hakuna mzazi aliyesimama ukumbini kuuliza kwa nini chifu ameajiriwa polisi.

Maneno mengine mawili tuyapitie upesi. Mfululizo ni mkusanyiko wote wa hadithi zinazohusu watu walewale, na episodi ni kipande kimoja cha mkusanyiko huo, kinachotazamwa kwa kikao kimoja. Star Trek ya kwanza ilirushwa na kituo cha NBC cha Marekani kuanzia mwaka 1966 hadi 1969, na kwa sehemu kubwa kila episodi ilijitegemea, ikiwa na mgeni wake na mkasa wake, ingawa nahodha na wenzake walikuwa walewale kila wiki.

Sasa tuje kwenye fani yenyewe. Bunilizi ya kisayansi ni hadithi inayochukua jambo ambalo sayansi inalijua au inalikisia, kisha ikauliza ingekuwaje kama jambo hilo lingesukumwa mpaka mwisho wake. Katika tamthilia za kawaida, zile za mama mkwe na mirathi, mhusika mmoja huwa na mwigizaji mmoja, na mtazamaji hujifunza kuwatambua watu kwa nyuso zao. Bunilizi ya kisayansi haifungwi na kamba hiyo. Inaweza kumpa mhusika mmoja nyuso tano, au kuutumia uso mmoja kwa wahusika wawili wanaoketi katika chombo kimoja. Mtazamaji anayeendelea kutambua watu kwa nyuso hupotea njia, na hapo ndipo wenzangu wa kwa kinyozi walipopotelea.

Episodi tuliyokuwa tukiitazama inaitwa "The Man Trap", jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa mtego wa kunasia watu. Iliandikwa na George Clayton Johnson, ikaongozwa na Marc Daniels, na ikarushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ikiwa ya kwanza kabisa ya Star Trek kuonyeshwa huko. Chombo kiitwacho Enterprise kinafika kwenye sayari iitwayo M-113, ambako Profesa Robert Crater na mkewe Nancy wanachimbua magofu ya watu waliokwisha kutoweka. Wanaoshuka ni Nahodha Kirk, Daktari McCoy na kijana mmoja wa chombo aitwaye Darnell, kwa kazi ndogo ya kuwapima afya wanandoa hao. Daktari ana wasiwasi wake wa moyoni, kwa kuwa Nancy alikuwa mpenzi wake miaka mingi nyuma.

Mlango unafunguliwa na Nancy anaingia, na hapa mtu asitoke kwenda kununua soda. McCoy anamwona Nancy kijana, vilevile alivyomkumbuka, kana kwamba miaka haikupita. Kirk, akiwa chumba hichohicho na wakati huohuo, anamwona mwanamke wa makamo mwenye mvi. Darnell naye anamwona msichana mwenye nywele za rangi ya dhahabu anayefanana na mtu aliyewahi kukutana naye kwenye sayari ya starehe, na anaropoka hivyo mbele ya wakubwa wake mpaka nahodha anamwamuru atoke nje. Wanaume watatu wanatazama mtu mmoja na kuona wanawake watatu. Hakuna hata mmoja kati yao anayejua kwamba wenzake hawaoni anachokiona yeye.

Siri, ambayo episodi haifichi kwa muda mrefu, ni kwamba Nancy halisi alikwisha kufa. Anayetembea kwa jina lake ni kiumbe wa mwisho wa wenyeji wa sayari ile, anayeishi kwa kufyonza chumvi, na ana uwezo wa kuingia katika fikra za anayemtazama na kumwonyesha sura anayotaka kuiona. Kwa hiyo swali la "yule ni nani?" haliwezi kujibiwa mpaka uulize kwanza "anatazamwa na nani?" Huo ndio ufunguo wa episodi nzima, na ukishaushika, waigizaji wake wote wanajipanga.

Kiumbe huyu mmoja anachezwa na watu sita. Jeanne Bal ndiye Nancy tunayemwona zaidi, naye alibeba sura mbili: Nancy kijana wa McCoy na Nancy mwenye mvi wa Kirk. Msichana wa Darnell alichezwa na Francine Pyne, na katika orodha ya majina mwishoni mwa episodi aliandikwa Nancy wa tatu, jambo linaloonyesha kwamba hata watengenezaji waliziona sura za mwanamke huyo kuwa hatua za mtu mmoja. Baadaye kiumbe anamuua kijana aitwaye Green kule sayarini, anajigeuza Green, na kupanda chomboni pamoja na nahodha bila mtu kushtuka. Bruce Watson alimchezea Green aliye hai, Green aliyelala amekufa na Green wa bandia anayetembea. Mwanamume wa ujiani, yule wa Kiswahili, alikuwa Vince Howard. Kisha kiumbe anajigeuza Daktari McCoy mwenyewe, na hapo mwigizaji wa kila wiki, DeForest Kelley, akalazimika kuigiza mtu anayejifanya yeye. Wa sita ni Sandra Gimpel, mcheza dansi na mwigizaji wa hatari, ambaye alikuwa ndani ya lile vazi la manyoya lenye kichwa kilichochongwa na Wah Chang, yaani kiumbe katika umbo lake lenyewe. Uso wa Gimpel hatuuoni hata mara moja.

Wazee wetu wasingehitaji maelezo haya yote. Aliyekulia magharibi mwa Kenya alisimuliwa jioni juu ya zimwi linalokuja kijijini likiwa kijana mtanashati, likaposa binti aliyewakataa wachumba wote, na likaanza kuvuliwa uzuri wake njiani kuelekea kwake. Waluo wana Apul Apul, Waluhya wana amanani, na katika hadithi hizo hakuna mtoto aliyeuliza kwa nini mchumba wa asubuhi si yule wa jioni. Msimulizi alibadilisha sauti na watoto wakabadilisha picha vichwani. Televisheni imetunyang'anya kidogo ustadi huo, kwa kuwa inatuonyesha uso, nasi tunauamini uso kuliko hadithi.

Kuna tofauti moja, hata hivyo, ambayo naiona ndiyo inayoipa episodi hii uzito. Zimwi la hadithini huvaa sura moja nzuri kwa kila mtu. Kiumbe wa M-113 humpa kila mtazamaji kile alichokileta mwenyewe. McCoy alileta kumbukumbu, Darnell alileta tamaa, na Kirk, ambaye hakuwa na hisia yoyote kwa Nancy zaidi ya kumjua kwa habari, alipewa mke wa profesa wa umri unaomfaa profesa. Mwongozaji hatuelezi haya kwa maneno. Anaiweka kamera mahali pa macho ya kila mmoja kwa zamu: tukimwona msichana wa dhahabu, tumekaa ndani ya kichwa cha Darnell, picha ikikatwa na kuonyesha mvi, tumehamia kwa nahodha. Mtu anayesinzia sekunde tatu hudhani kuna wanawake watatu chumbani.

Wapo wanaodhani kugeuka huku kulifanywa kwa kompyuta. Si kweli, na mwaka 1966 isingewezekana. Njia kuu ilikuwa kukata picha, yaani kusimamisha kamera, kumwondoa mwigizaji wa kwanza, kumweka wa pili na kuendelea. Pale ambapo tunamwona mtu akiyeyuka na kuwa mwingine mbele ya macho yetu, kamera ilibanwa isitikisike, mwigizaji wa kwanza akapigwa picha amesimama, wa pili akasimamishwa mahali palepale kwa mkao uleule, kisha katika maabara ya filamu picha ya kwanza ikafifishwa huku ya pili ikikolezwa juu yake. Wapiga picha wetu wa studio walikuwa na mchezo wa aina hii enzi za filamu, walipokuchapisha picha moja ambamo umekaa na pia umesimama nyuma yako mwenyewe.

Ninachokipenda zaidi kuliko mbinu hizo ni mmea. Green wa bandia anamfuata mwanadada aliyebeba sinia la chakula, kwa sababu juu ya sinia kuna kichupa cha chumvi, na macho yake hayatoki kwenye kichupa kile hata anapozungumza naye. Wanaingia katika chumba ambamo afisa Sulu, aliyechezwa na George Takei, anafuga mimea ya ajabu. Mmoja wa mimea hiyo una umbo la ua la rangi ya waridi linalotikisika kama kiganja, na linapomwona Green linapiga kelele na kujikunja kwa hofu. Ukitazama kwa makini utagundua kwamba ua linatikisika kama kiganja kwa kuwa ni kiganja: ni mkono wa mtu ndani ya glavu iliyopambwa, mtu mwenyewe akiwa amejificha chini ya meza. Katika chombo kilichojaa maafisa waliosoma, wa kwanza kumtambua mgeni ni mmea. Mimi naona kuna mantiki hapo, kwa kuwa mmea hauna kumbukumbu ya mpenzi wa zamani ambayo kiumbe angeweza kuitumia.

Kazi ngumu kuliko zote alipewa Kelley. McCoy halisi amekwenda kulala baada ya kumeza dawa za usingizi, na McCoy wa bandia anaketi mezani na nahodha pamoja na Spock, mwenye masikio yaliyochongoka, aliyechezwa na Leonard Nimoy, kujadili jinsi ya kumkamata kiumbe, yaani jinsi ya kumkamata yeye mwenyewe. Hakuna vazi jipya, hakuna rangi usoni. Kelley anabadilisha kasi tu. Daktari wa siku zote ni mwepesi wa maneno na mwepesi wa hasira; huyu ni mtulivu mno, anazungumza taratibu, na anamtetea kiumbe kwa upole unaotia shaka. Alfred Ryder, aliyemcheza Profesa Crater, naye yuko pale mezani, na mtazamaji ambaye tayari anajua siri hubaki akitazama macho yanayokwepana.

Sasa chumvi, kwa kuwa mzee wa mlangoni aliuliza kwa nini dubwana lisinywe damu kama madubwana mengine. Swali zuri, na hapa ndipo neno "kisayansi" linapopata haki yake. Chumvi ya mezani ni muungano wa sodiamu na klorini, na sodiamu ndiyo inayowezesha mishipa ya fahamu kupitisha ujumbe na misuli kujikaza, moyo ukiwamo. Sodiamu ikipungua sana katika damu, mtu huchanganyikiwa, huweza kupatwa na degedege, na asipotibiwa huweza kufa. Kwa hiyo wazo la kumuua mtu kwa kumnyang'anya chumvi si upuuzi. Upuuzi, au tuseme ubunifu, ni kuitoa yote kwa kumgusa usoni kwa vidole vyenye vinyonyeo kama vya pweza na kumwachia alama nyekundu za duara. Spock anaponea chupuchupu kwa sababu, hadithi inatuambia, chumvi za damu yake si sawa na za binadamu.

Na ile njaa ya chumvi, ya kufuata kichupa kama mlevi anavyofuata harufu, mbona tunaijua? Mfugaji wa Kitale huweka jiwe la chumvi zizini, naye anajua ng'ombe aliyekosa chumvi hulamba hata ukuta na jasho la mkono wake. Kwenye Mlima Elgon, katika Kaunti ya Trans Nzoia, kuna pango liitwalo Kitum ambamo ndovu huingia gizani wakipapasa kwa mikonga, wakabandua kuta kwa pembe na kuutafuna udongo wa mawe kwa ajili ya chumvi iliyomo. Mwandishi wa episodi alichukua njaa ya mnyama, akampa mnyama huyo akili na uwezo wa kuingia fikra za watu. Profesa Crater, anayemficha kiumbe, anajitetea kwa hoja kwamba ni wa mwisho wa aina yake na anahitaji chumvi ili aishi, akimlinganisha na nyati wa Marekani waliowahi kujaa nyikani. Mkenya aliyefuatilia habari za Sudan, faru mweupe wa kaskazini aliyekuwa dume wa mwisho na aliyefia Ol Pejeta mwaka 2018, hataisikia hoja hiyo kama maneno matupu, hata kama profesa anaitumia kuwafichia wenzake mauaji.

Kinyozi alikuwa na malalamiko mengine, na haya yanawapata wengi wanaotazama kwa flashi. Alisema alipofika episodi ya tatu, daktari alikuwa mtu mwingine kabisa, Uhura hayupo, na Sulu hakai mahali pake, halafu baadaye wote wakarudi bila maelezo. Akadhani amejaziwa kitu bandia. Ukweli ni kwamba mpangilio wa kurushwa si mpangilio wa kupigwa picha. Episodi ya tatu kurushwa, "Where No Man Has Gone Before", ilionyeshwa tarehe 22 Septemba 1966, lakini ilipigwa picha mwaka mmoja kabla, Julai 1965, ikiwa ya majaribio ya kukishawishi kituo kuununua mfululizo. Wakati huo Kelley alikuwa hajaajiriwa. Daktari wa chombo alikuwa Piper, aliyechezwa na Paul Fix. Nichelle Nichols, mwigizaji wa Uhura, naye alikuwa hajaingia. "The Man Trap" ilipigwa picha baadaye sana lakini ikatangulizwa, kwa kuwa ilikuwa na dubwana la kutisha na hadithi inayoeleweka upesi na mtu ambaye hajui lolote. Ni sawa na kufungua albamu ya picha za familia iliyochanganywa na watoto: kwenye ukurasa wa kwanza uko kidato cha nne, kwenye wa tatu uko chekechea, na mgeni anauliza ulirudi chekechea lini.

Kabla ya hiyo kulikuwa na jaribio jingine, "The Cage", ambalo kituo kililikataa, na humo msaidizi wa nahodha alichezwa na Majel Barrett. Barrett alirudi katika mfululizo kama muuguzi Chapel, na sauti ya kompyuta ya chombo ni yake pia. Uso mmoja, wahusika wawili, na wa tatu asiye na uso. Sandra Gimpel naye alikuwamo katika "The Cage", ndani ya vichwa vikubwa vya wenyeji wa sayari nyingine. Anayetafuta maana ya siri katika kurudi kwa watu hawa asijisumbue. Sababu yake ni ileile ya mvulana wetu aliyekuwa chifu na askari.

Tumrudie dada wa ujiani, kwa kuwa juu yake ndiko uvumi ulikojaa. Nichelle Nichols hakuwa Mkenya. Alizaliwa mwaka 1932 huko Robbins, katika jimbo la Illinois, Marekani, akafariki Julai 2022. Jina la mhusika wake ndilo lililotoka kwetu, na kwa njia ya mzunguko: Nichols alisimulia kwamba alikwenda kufanyiwa usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotoka mwaka 1962 na inayohusu Kenya, na kwamba jina lilizaliwa kutokana na neno hilo, irabu ya mwisho ikibadilishwa ili lisikike laini zaidi. Mwenye boda alidai mhusika alipewa jina la rais wetu wa nne. Uhuru Kenyatta alizaliwa Oktoba 1961, hivyo episodi iliporushwa alikuwa hajatimiza miaka mitano. Neno ni moja, na mama wa majina yote mawili ni siasa ya enzi ile ambapo bendera zilikuwa zikishushwa na nyingine kupandishwa.

Kwamba Uhura ni wa Kenya hasa, hilo nalo lina ukweli wake, ila ni ukweli uliokuja kwa vipande. Katika mfululizo wa kwanza kilichowekwa wazi ni lugha: katika "The Changeling" ya mwaka 1967, mashine inamfutia kumbukumbu, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza Kiswahili kinamtoka chenyewe. Jina lake la kwanza, Nyota, lilitamkwa kwenye filamu ya mwaka 2009 ambamo Zoe Saldaña alimcheza. Kenya ilitajwa kuwa kwao katika mfululizo wa Strange New Worlds ulioanza mwaka 2022, mhusika akiwa amepewa Celia Rose Gooding. Mhusika mmoja, waigizaji watatu, na safari hii hakuna dubwana linalobadili sura. Ni miaka tu imepita na kazi imerithiwa, kama matatu inavyobadilisha dereva huku ikibaki na jina lake ubavuni. Nikiruhusiwa kutoka nje ya njia kidogo: tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wetu. Neno lile lilifika angani kweli, miaka minne baada ya kufika kwenye skrini.

Mwanamume anayezungumza Kiswahili ujiani, basi, si mumewe, na wala si mtu. Uhura anapita peke yake, kiumbe ana njaa, na kinachoonekana mbele yake ni mwanamume mweusi mtanashati aliyefumwa kutoka katika fikra zake mwenyewe, anayemwambia kwamba alikuwa akimfikiria mtu kama yeye. Kiswahili ni chambo. Anaanza kuduwaa, mkono wa mwanamume unanyanyuka, na kinachomwokoa ni kuitwa kazini kwa kipaza sauti.

Bado mwenye boda hakukubali kwamba mtu anaweza kuigiza bila uso wake kuonekana na bado akahesabiwa mwigizaji. Nilimkumbusha Lupita Nyong'o, ambaye baba yake, Peter Anyang' Nyong'o, alichaguliwa gavana wa Kisumu mwaka 2017. Katika filamu ya Star Wars iliyotoka mwaka 2015, Lupita ni Maz Kanata, kikongwe mfupi mwenye ngozi ya rangi ya chungwa na miwani mikubwa. Watu wa hapa walilipia tiketi kumwona binti yao na wengine wakatoka wakisema hayumo. Yumo. Kamera zilirekodi misogeo ya uso na mwili wake, na kompyuta ikamvisha Maz juu yake, kama Gimpel alivyovishwa manyoya mwaka 1966. Tofauti ni kwamba Gimpel alitoka jasho ndani ya vazi lake.

Nilipofika nyumbani nilimchezea jirani yangu kile kipande cha ujiani kwenye simu. Ni mama mstaafu aliyefundisha Kiswahili Kakamega kwa miaka mingi, na bado hushika kalamu nyekundu hata anaposoma matangazo ya harambee. Alisikiliza mara tatu, simu ikiwa sikioni kama redio.

"Mwanangu, huyu ngeli amezimeza," alisema.

Nikamweleza habari za dubwana, za chumvi, na kwamba maneno yale liliyatoa kichwani mwa yule dada.

"Basi dubwana halina kosa," akasema. "Ameiga. Mwenye kazi ya masahihisho ni dada." Nilipomwambia kwamba dada naye alikuwa akisoma alichoandikiwa na watu wa California, akanyamaza kidogo, akanirudishia simu, kisha akanyoosha mkono kuitaka tena.

"Rudisha nyuma," akasema. "Kuna kitenzi kimoja pale nadhani kilikaribia kuwa sahihi."